Ibn Sina, tabibu wa maradhi ya ubongo: Funzo kwa wenye vijana katika machimbo ya Geita na Shinyanga

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, pamoja na Aali zake na Sahaba zake. Ama baad.

Katika maswali yanayotufikia kutoka Unguja na Pemba, limo moja linalojirudia kwa sura mbalimbali. Kijana amekwenda bara kutafuta riziki katika machimbo ya dhahabu, huko Geita, Kahama au Mwakitolyo mkoani Shinyanga. Baada ya miaka michache anarudi mikono inatetemeka, usingizi hana, hasemi na watu, au anaanguka kifafa. Jirani anasema amelogwa na wenziwe wa shimoni. Mwengine anasema ni jini. Daktari anasema ni maradhi ya ubongo na mishipa yake ya fahamu. Jamaa aliyeko ng'ambo naye anapiga simu kueleza kwamba huko watu wenye huzuni kubwa wanatibiwa kwa sumaku inayowekwa kichwani, bila ya kupasuliwa wala kumeza kidonge. Wazazi wanabaki wanauliza: huo si uchawi wa aina nyengine? Muislamu anaruhusiwa?

Jibu tutalitoa, inshaallah. Kwanza, hata hivyo, tumeona tusimulie maisha ya mtu aliyeyafikiria mambo haya miaka elfu moja iliyopita, kwa lugha ya Kiarabu, akiwa ni hafidh wa Qur'ani. Naye ni Abu Ali al-Husayn bin Abdillah, maarufu kwa jina la Ibn Sina.

Kuzaliwa na masomo yake

Ibn Sina alizaliwa mwaka 370 Hijria, sawa na 980 Miladia, katika kijiji cha Afshana karibu na mji wa Bukhara, ambao leo umo katika nchi ya Uzbekistan. Baba yake alitoka Balkh na alikuwa mtumishi wa serikali ya Wasamani. Familia ilihamia Bukhara mjini, na mtoto akatafutiwa mwalimu wa Qur'ani na mwalimu wa adabu. Alipofika umri wa miaka kumi alikuwa ameshahifadhi Qur'ani yote. Alisoma hesabu za Kihindi kwa muuza mboga mmoja, akasoma fiqhi kwa Ismail az-Zahid, kisha akaingia katika mantiki, hisabati na tiba.

Tiba hakuiona ngumu. Akiwa kijana wa miaka kumi na sita, matabibu walikuwa wakija kusoma kwake, naye akiwatembelea wagonjwa. Lililomshinda lilikuwa kitabu cha Aristotle juu ya asili ya vitu. Alikisoma mara arubaini hata akakihifadhi bila ya kukifahamu, mpaka siku moja sokoni dalali akamshikilia anunue kijitabu kwa dirhamu tatu. Kumbe kilikuwa ni sherehe ya al-Farabi juu ya kitabu kile kile. Akakisoma, ikamfungukia maana, na kesho yake akatoa sadaka kwa masikini kumshukuru Allah. Alikuwa na mazoea kwamba suala likimshinda, huenda msikitini, akaswali na kumuomba Mola wake amfungulie.

Mtawala wa Bukhara, Nuh bin Mansur, alipougua na matabibu wake wakashindwa, aliitwa kijana huyu kushirikiana nao. Mtawala alipona, na Ibn Sina akaomba ruhusa ya kuingia katika maktaba ya kifalme. Huko alikuta vitabu ambavyo watu wengi hawakuwahi hata kuyasikia majina yake. Mwenyewe alieleza kwamba alipotimia miaka kumi na minane alikuwa ameshazimaliza elimu zote hizo.

Maisha ya kuhama

Baba yake alipofariki na dola ya Wasamani ilipoanguka, Ibn Sina aliondoka Bukhara. Kuanzia hapo maisha yake yalikuwa ya safari na hofu. Alikwenda Gurganj, kisha Jurjan, ambako mnamo 1012 alimpata mwanafunzi wake Abu Ubayd al-Juzjani, aliyekaa naye mpaka kufa na ndiye aliyetuhifadhia habari zake. Hapo Jurjan alianza kuandika al-Qanun fit-Tibb.

Kutoka Jurjan alikwenda Rayy, na huko alimtibu mtawala kijana Majd ad-Dawla, aliyekuwa na maradhi ya huzuni nzito ambayo wakati ule yakiitwa malankhulia. Huyu hakuwa masikini wala mtu wa mitaani. Alikuwa mtoto wa wafalme, na mama yake ndiye aliyeshika dola. Maradhi ya moyo na akili hayachagui nyumba.

Alikwenda Hamadan, akamtibu Shams ad-Dawla maradhi ya tumbo, akafanywa waziri. Askari wakamuasi, wakaivamia nyumba yake, wakataka auawe. Akajificha kwa siku arubaini, mpaka mtawala alipozidiwa tena na maradhi akamwita na kumrejesha. Mchana alikuwa na kazi ya serikali, na usiku wanafunzi walikusanyika kwake kusoma. Baada ya mtawala huyo kufa alifungwa katika ngome ya Fardajan kwa muda wa miezi minne, na huko gerezani pia aliandika vitabu. Baadaye alitoroka kuelekea Isfahan akiwa amevaa nguo za masufi, akapokewa vizuri na Ala ad-Dawla.

Alifariki Hamadan katika mwezi wa Ramadhani mwaka 428 Hijria, yaani 1037 Miladia, kwa maradhi ya tumbo yaliyomsumbua muda mrefu. Alipoona nguvu zimemwishia aliacha kujitibu. Alioga, akatubu kwa Mola wake, akatoa mali yake sadaka kwa mafakiri, akarejesha haki za watu alizozijua, akawaacha huru watumwa wake, na akawa anakhitimu Qur'ani kila siku tatu mpaka mauti yalipomfika. Kaburi lake liko Hamadan hadi leo.

Walivyomsema ulamaa

Hatutaki kuficha jambo ambalo mwanafunzi wa dini atalikuta vitabuni. Imamu al-Ghazali, aliyefariki 505 Hijria, alimpinga vikali Ibn Sina na wanafalsafa wengine. Mambo aliyowakosoa ni ishirini, na katika matatu aliona wametoka kwenye Uislamu: kusema ulimwengu hauna mwanzo, kusema Allah hazijui juziyati za mambo kwa namna tunayoamini sisi, na kukanusha kufufuliwa miili. Wapo ulamaa waliomtetea, na wapo waliotegemea toba yake ya mwisho wakamwachia Mola wake.

Lakini al-Ghazali huyo huyo alitahadharisha dhidi ya Muislamu mjinga anayedhani anainusuru dini kwa kukataa hesabu, elimu ya nyota au tiba kwa sababu tu wenye kuziandika ni wanafalsafa. Mtu huyo, kwa rai yake, anaidhuru dini kuliko kuinusuru. Kwa hiyo itikadi ya Ibn Sina tunaipima kwa mizani ya Ahlus-Sunna, na tiba yake tunaipima kwa mizani ya tiba. Hivyo ndivyo walivyofanya waliotutangulia.

Alichoandika juu ya kichwa na akili

Al-Qanun ni vitabu vitano. Cha kwanza ni misingi ya tiba, cha pili ni dawa moja moja, cha tatu ni maradhi ya viungo kuanzia kichwani mpaka nyayoni, cha nne ni maradhi yanayoenea mwili mzima kama homa, na cha tano ni dawa za kuchanganya. Katika karne ya 12 kilifasiriwa kwa Kilatini na Gerard wa Cremona mjini Toledo, na vyuo vikuu vya Ulaya vikakisomesha kwa mamia ya miaka.

Kitabu cha tatu kinaanza na kichwa. Humo mna maumivu ya kichwa, kifafa, kupooza, kutetemeka, kukosa usingizi na malankhulia. Katika kuieleza malankhulia, Ibn Sina aligusa suala linalotusumbua mpaka leo. Alitaja kwamba wako matabibu wanaosema maradhi haya husababishwa na majini. Yeye akasema kwamba tabibu, kwa kuwa ni tabibu, halazimiki kulikata shauri hilo. Hata kama chanzo cha mbali ni jini, bado mwili umebadilika, na badiliko hilo la mwilini ndilo analopaswa kulitibu.

Tulizingatie jambo hili. Sisi tunaamini majini wapo, kwa sababu Qur'ani imewataja na kuna sura kwa jina lao. Lakini kuamini kuwa wapo si sawa na kusema kila anayetetemeka ameingiwa na jini. Kisomo cha ruqya kwa Qur'ani na dua zilizothibiti ni halali na kina baraka, na hakimzuii mgonjwa kwenda hospitali. Vyote viwili ni katika sababu ambazo Allah ametuwekea. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kujitibu na ametujuza kwamba Allah hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia na dawa yake.

Samaki mwenye shoti

Katika kitabu cha pili cha al-Qanun limo jambo la kuwafurahisha wavuvi wetu. Yupo samaki wa jamii ya taa ambaye mvuvi akimgusa mkono unakufa ganzi kama aliyepigwa shoti ya umeme. Wapo katika bahari za Waarabu na Warumi, na hata katika Bahari ya Hindi upande wetu. Waarabu walimwita ar-ra'ad, mwenye kutetemesha. Tabibu wa Kirumi Scribonius Largus, katika karne ya kwanza Miladia, aliandika kwamba samaki huyu akiwekwa hai juu ya kichwa kinachouma, maumivu hutulia. Jalinus naye alilitaja, na Ibn Sina akalinukuu katika orodha yake ya dawa.

Wakati huo hakuna aliyejua umeme ni nini. Walichojua ni kwamba kuna nguvu inayotoka nje ya mwili, ikapita ngozini bila ya kisu, ikabadilisha hali ya mishipa ya fahamu. Fikra hiyo ikangoja karibu miaka mia nane. Mwaka 1831 Michael Faraday wa Uingereza, mtu aliyeanza maisha kama mwanafunzi wa kazi ya kujalidi vitabu, alionesha kuwa sumaku inayobadilika huzaa umeme katika waya ulio karibu nayo. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake katika mji wa Sheffield waliweka koili ya waya juu ya kichwa cha mtu, wakapitisha umeme kwa muda mfupi sana, na kidole cha mtu yule kikacheza bila ya mwenyewe kukusudia. Sumaku ilikuwa imepita kwenye fuvu na kuuamsha ubongo.

Hiyo ndiyo tiba ambayo jamaa wa ng'ambo wanaisimulia. Mgonjwa hukaa kitini akiwa macho. Koili inawekwa kichwani, husikika sauti ya kugonga-gonga, na ngozi ya kichwa huhisi kama inadonolewa. Kwa kawaida hufanywa siku tano kwa wiki, kwa muda wa wiki nne mpaka sita. Marekani iliiruhusu mwaka 2008 kwa wenye sonona ambao dawa hazikuwasaidia, mwaka 2013 iliruhusu kifaa cha namna hiyo kwa aina ya kipandauso, na mwaka 2018 kwa wasiwasi wa kurudia-rudia jambo. Wasiwasi huo tunaujua misikitini: mtu anatawadha mara kumi na bado haamini kuwa udhu wake umetimia.

Ipo njia nyengine ya kupitisha umeme mdogo sana, wa miliampia 1 au 2, kwa spongi zilizoloweshwa maji ya chumvi na kufungwa kichwani. Hiyo kwa sehemu kubwa ingali inafanyiwa utafiti. Na zote mbili zisichanganywe na tiba ya mshtuko wa umeme iliyoanza Roma mwaka 1938, ambayo siku hizi hufanywa mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, na bado inawafaa baadhi ya wenye maradhi makali.

Machimbo na zebaki

Tukirudi Geita na Shinyanga, kuna jambo moja ambalo sumaku haiwezi kuliondoa. Wachimbaji wadogo huchanganya mchanga uliosagwa na zebaki ili ishike dhahabu, kisha huchoma donge lile zebaki iondoke kwa mvuke. Mvuke huo hauonekani wala haunuki. Unavutwa kwa pumzi, unaingia katika damu, unafika kwenye ubongo. Dalili zake ni mikono kutetemeka, hasira za ghafla, kusahau, kukosa usingizi, huzuni na kutembea kwa kuyumba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliwapima wachimbaji wa Rwamagasa, wilayani Geita, wakakuta dalili za sumu hiyo, hasa kwa wanaochoma. Mwaka 2013 mataifa yalikubaliana juu ya Mkataba wa Minamata ili kupunguza matumizi ya zebaki duniani.

Matabibu wa Kiislamu wa zamani waliijua hatari hii. Waliandika kwamba moshi wa zebaki huleta kutetemeka na kupooza. Elimu ilikuwa imo vitabuni mwetu, na leo kijana wetu anachoma zebaki katika sufuria nyuma ya nyumba anayolala, pengine mke na mtoto mchanga wakiwa karibu.

Kwa bahati mbaya, kijana huyo akianza kutetemeka hupelekwa kwa mpiga ramli. Sote tumesikia maafa yaliyotokea Kanda ya Ziwa kwa sababu ya ramli: vikongwe wameuawa kwa kuwa na macho mekundu, na ndugu zetu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa tamaa ya utajiri wa madini. Mwenye kupiga ramli haponyeshi kijana, anamtafutia jirani wa kumuua. Mtume (s.a.w.) ametukataza kumwendea kuhani na kumsadiki, na hii ni mojawapo ya hekima zake zinazoonekana kwa macho.

Mizani ya majaribio

Kuna jambo moja zaidi katika al-Qanun linalotufaa katika suala hili. Ibn Sina aliweka masharti saba ya kuijaribu dawa kabla ya kuiamini. Miongoni mwake: dawa iwe safi haikuchanganyika na athari ya kitu chengine; ijaribiwe kwa maradhi moja, si maradhi mengi kwa pamoja; uangaliwe wakati ambao athari inatokea; athari ijirudie kwa wengi, maana ikitokea mara moja huenda ni sadfa; na ijaribiwe kwa mwanadamu, kwani inayomfaa farasi au simba huenda isimfae mtu. Kwa mizani hii, samaki yule hakutosha kuwa tiba ya kila kichwa, na mashine ya leo isiyojaribiwa kwa ukamilifu haitoshi pia, hata ikiuzwa kwa bei kubwa.

Jibu la suala

Baada ya maelezo haya, tunasema na Allah ndiye mjuzi zaidi.

Kwanza, kutibu ubongo kwa sumaku au umeme mdogo si uchawi. Ni sababu ya kimaumbile kama dawa nyengine, na asili ya kujitibu kwa kisicho haramu ni ruhusa, kwa sharti ifanywe na daktari mwenye ujuzi, na manufaa yake yawe yanatarajiwa kuliko madhara.

Pili, mgonjwa au walii wake amweleze daktari ukweli wote. Mwenye chuma kichwani, mwenye kifaa cha umeme cha moyo, au aliyewahi kuanguka kifafa, asifiche, kwani tiba ya sumaku inaweza kumletea hatari.

Tatu, tiba hii haivunji saumu, kwa sababu hakuna kinachoingia tumboni. Wala haitengui udhu maadamu mgonjwa yuko macho. Ama tiba inayofanywa kwa dawa ya usingizi, kupotewa na fahamu kunatengua udhu. Na kwa saumu, rai yenye nguvu katika madhehebu yetu ya Shafi ni kwamba inasihi akiwa na fahamu zake japo kwa muda mchache wa mchana, almuradi hakutiwa kitu cha kumfuturisha. Mgonjwa anayo ruhusa ya kula na kulipa baadaye.

Nne, mwanamke atafutiwe mtibabu wa kike akipatikana. Asipopatikana, inafaa kufunua kiasi kinachohitajika cha kichwa, akiwa pamoja na mahram wake au mtu wa kuaminika.

Tano, aliyepata dalili kutokana na zebaki, dawa yake ya kwanza ni kuacha kuvuta mvuke wake. Hakuna sumaku, kisomo wala kidonge kitakachomponya mtu anayerudi kuchoma kesho asubuhi. Aende hospitali, kama ni huko bara basi Bugando mjini Mwanza, aseme wazi kazi aliyokuwa akiifanya. Akiwa Unguja, wa maradhi ya akili apelekwe Kidongo Chekundu bila ya kuona haya. Anayelazimika kuendelea na kazi ya dhahabu atumie chombo chenye kifuniko kinachokusanya mvuke, achome mbali na nyumba, na asiwakaribishe wajawazito na watoto. Kujidhuru ni haramu, na kumdhuru mwengine ni haramu zaidi.

Sita, haijuzu kumpeleka mgonjwa kwa mpiga ramli, wala kumfunga kamba au kumpiga kwa madai ya kumtoa jini. Aliyempiga mgonjwa akamuumiza anabeba dhamana yake mbele ya sheria na mbele ya Allah.

Ibn Sina alikuwa mwanadamu, alipatia na alikosea. Lakini alipoletewa mtu mwenye huzuni, hakumuuliza nani kamroga. Alimshika mkono, akausoma mshipa wake, akatafuta sababu. Wazazi wenye vijana huko machimboni, tuwapigie simu, tuwaulize wanachoma wapi na wanalala wapi, na wanaporudi tuwapokee kama wagonjwa wanaostahiki kutibiwa.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu, awalinde vijana wetu walioko safarini, na awape riziki ya halali yenye salama. Amin.

Wabillahi tawfiq.